Siri ya Karai Letu Imo Katika Jalada la Serikali

Katika barua zilizofika mezani kwangu hapa Mtwara tangu minada ya korosho ya msimu huu ianze, tano zinagusa jambo moja ambalo sikulitarajia: mwananchi anapoikabidhi ofisi ya Serikali maelezo ya biashara yake, maelezo hayo yanabaki kuwa ya nani, na ofisi inaruhusiwa kuyafanyia nini. Nimeona nizijibu pamoja. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu karibu kila swali la eneo hili la sheria limo ndani yake. Barua zote nimezifupisha, na majina ya walioandika na ya ofisi zinazolalamikiwa nimeyaondoa.

Wakili, salaam. Kikundi chetu cha wanawake 10 hapa Mikindani hubangua korosho na kuziuza zikiwa zimekaangwa na kuungwa kwa viungo. Mwaka jana tuliomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10. Tukaambiwa tuambatishe andiko la mradi lenye kueleza kila kitu, nasi kwa kuogopa kunyimwa tukaeleza kila kitu kweli: vipimo vya chumvi, tangawizi na pilipili kwa kila kilo 5, dakika za kuloweka, dakika za karai, bei tunayonunulia, na orodha ya maduka na hoteli za Dar es Salaam zinazochukua mzigo wetu, pamoja na majina na namba za simu za wanaoupokea. Mkopo hatukupata. Mwezi uliopita nilikwenda steshenari kutoa nakala ya cheti cha mjukuu, nikamkuta kijana wa pale akimwandalia mteja mwingine andiko la mradi, na kwenye kioo cha kompyuta nikaziona sentensi zangu. Jina la kikundi limebadilishwa, lakini neno "kuloweka" limeandikwa "kuloeka" vilevile nilivyolikosea mimi, na vipimo ni vyetu hadi kijiko cha mwisho. Je, Serikali haina wajibu wa kutunza siri ya mtu? Mbanguaji, Mikindani.

Mama yangu, shikamoo, na pole kwa yaliyokukuta. Wajibu huo upo, na nitaueleza. Lakini kwanza nina swali ambalo wakili wa upande wa pili atakuuliza kabla hujakaa vizuri kizimbani: andiko lako la kwanza lilichapwa wapi? Barua yako haisemi. Ikiwa lilichapwa katika steshenari hiyohiyo, basi huenda faili halijawahi kutoka halmashauri hata siku moja, bali limekaa katika kompyuta ya dukani tangu mwaka jana likisubiri mteja mwingine mwenye haja ya "sampuli". Ninaifahamu steshenari moja hapa mjini ambayo kioo cha kompyuta yake kimejaa mafaili ya watu hadi picha ya nyuma haionekani, na humo utakuta barua za kazi, mikataba ya viwanja na hata hati za talaka, zote zikiwa wazi kwa kila anayesogeza kiti. Ikiwa kwa upande mwingine ulilichapa kwa mwanao nyumbani, ukatoa nakala moja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na nyingine ukabaki nayo, basi njia iliyopitwa na andiko hilo ni fupi, na ofisi ina maelezo ya kutoa.

Sasa tuje kwenye sheria. Tanzania Bara haina sheria moja mahsusi inayoitwa sheria ya siri za biashara, na hilo huwashangaza wengi. Ulinzi uliopo umetawanyika katika sheria nyingi, kila moja ikigusa ofisi yake. Iliyo karibu zaidi na shauri lako ni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Jina lake linaonyesha kwamba ilitungwa ili kufungua makabati, si kuyafunga, na kweli inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma. Hata hivyo kifungu cha 6 kinataja taarifa ambazo ofisi inaweza kuzizuia, na miongoni mwake zimo zile ambazo kutolewa kwake kungeathiri maslahi halali ya kibiashara, zikiwemo haki za ubunifu, ya ofisi yenyewe au ya mtu wa tatu ambaye taarifa hizo zilipatikana kutoka kwake. Mtu wa tatu hapo ni wewe, mama. Halmashauri ni mwenye kushika taarifa, mwombaji ni yule anayetaka kuiona, na wewe uliyeipika umesimama pembeni. Lakini sheria imekuona. Tena sheria hiyohiyo imefanya kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo, kwa mtu kutoa taarifa zilizozuiliwa kinyume na masharti yake.

Udhaifu wake ni kwamba imeandikwa kwa kumwelekea mtu anayeomba taarifa kwa barua na ofisi inayomjibu kwa barua. Haikuandikwa kwa ajili ya karatasi inayotoka ofisini ndani ya bahasha ya khaki bila mtu yeyote kuomba chochote. Kwa hali hiyo tunarudi kwenye kanuni ya zamani zaidi. Sheria ya Mamlaka ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inaziruhusu mahakama zetu kutumia kanuni za haki za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira yetu. Mojawapo ya kanuni hizo ni kwamba aliyepokea jambo kwa siri hawezi kulitumia kinyume cha makusudi aliyokabidhiwa.

Shauri linalotajwa sana katika kanuni hii linafanana na lako kuliko unavyoweza kudhani. Malkia Victoria wa Uingereza na mumewe walikuwa na mazoea ya kuchonga picha za nyumbani kwao juu ya mabamba ya shaba, kwa kujifurahisha. Mabamba yakapelekwa kwa mchapaji wa Windsor ili atoe nakala chache za familia, na mfanyakazi mmoja wa mchapaji akajitolea nakala za ziada, ambazo zilifika kwa mtu aliyekusudia kuzifanyia maonyesho na kuziuzia katalogi. Mwaka 1849, katika shauri la Prince Albert dhidi ya Strange, mahakama ilimzuia. Utaona kwamba hata jumba la kifalme lilivujia steshenari. Jambo la maana zaidi ni kwamba aliyezuiliwa hakuwa mchapaji wala mfanyakazi wake, bali mtu wa mbali ambaye siri ilimfikia baada ya kupita mikononi mwa wengine. Kwa hiyo kikundi kile kinachotaka kutumia vipimo vyako hakiwezi kujificha nyuma ya hoja kwamba wao hawakuiba chochote, maadamu wanajua au wamejulishwa vilikotoka.

Mwaka 1968 mahakama hukohuko Uingereza, katika shauri la Coco dhidi ya kampuni ya Clark lililohusu injini ya pikipiki ndogo, ilitaja mambo matatu ambayo mlalamikaji anapaswa kuyathibitisha: kwamba maelezo yenyewe kweli yana sura ya siri, kwamba yalitolewa katika hali iliyomfunga mpokeaji kuyatunza, na kwamba yametumika bila idhini. Uamuzi huo ni wa baada ya 1920, kwa hiyo hauzifungi mahakama zetu, bali unaweza kuzishawishi. Tuupime kwako. Kwamba korosho huloweshwa katika maji ya chumvi kabla ya kukaangwa si siri. Hapa Mtwara hata mtoto anayeuza kwa vikombe stendi analijua. Lakini uwiano wa viungo kwa kilo 5 na dakika mlizozipata baada ya kuunguza makarai mengi ni kitu kingine, na kadhalika bei zenu na orodha ya wateja. Hatua ya kwanza umeivuka. Ya tatu vilevile, kwa ushahidi wa "kuloeka". Kosa la tahajia, mama, limewahi kumaliza mashauri makubwa kuliko hili.

Hatua ya pili ndiyo itakayokutoa jasho. Je, kuna mahali popote katika andiko lile ulipoandika kwamba sehemu fulani ni siri ya kikundi? Je, ulipolikabidhi uliomba lisionyeshwe kwa wengine? Afisa anaweza kusema, na si bila haki, kwamba maandiko ya mradi hupita mikononi mwa kamati ya kata, wataalamu wa halmashauri na wengine, na kwamba hakuna aliyemwambia kuwa ukurasa wa nne ni wa pekee. Mimi naamini mahakama inaweza kuuona wajibu wa siri hata bila maneno hayo, kwa kuwa kila mwenye akili anajua kwamba maombi ya mkopo hayakabidhiwi ili yagawiwe. Lakini nisingependa uende mahakamani ukitegemea imani yangu.

Kuhusu orodha ya wateja kuna mlango mwingine. Majina na namba za simu za watu ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazilinda dhidi ya yeyote anayezikusanya au kuzichakata, ziwe ofisi za umma au watu binafsi. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Angalizo ni kwamba sheria hiyo inamlinda mwanadamu, si mapishi ya karai wala kampuni, na kwamba wenye haki ya kwanza ya kulalamika ni hao wateja wako wenyewe. Wakiuliza namba zao zilifikaje halmashauri, jibu litakuwa kwamba ulizipeleka wewe.

Ninachokushauri ni hiki. Mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri barua yenye nakala ya andiko lako na maelezo ya ulichokiona, ukiomba akueleze ni nani waliolishika na kutaka kurasa husika zitolewe katika mzunguko. Mwandikie na mwenye steshenari, umjulishe kwa maandishi kwamba faili lile lina siri ya kikundi chenu, kwa kuwa kuanzia siku anayoipokea barua hiyo hawezi tena kusema hakujua. Kwa kikundi kingine ningetuma watu wazima kabla ya barua. Ukilazimika kuishtaki halmashauri, Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka utoe notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe katika shauri, ambalo husikilizwa Mahakama Kuu. Kanda ya Mtwara ipo hapahapa, hivyo nauli si tatizo. Tatizo ni siku 90 zenyewe, ambazo kwa korosho ni karibu msimu mzima.

Na safari nyingine mkiandika andiko, msieleze kila kitu hata mkiambiwa mweleze kila kitu. Anayekopesha anataka kujua mtaji, soko, gharama na uwezo wa kurejesha. Hahitaji vijiko. Andikeni kwamba mchanganyiko wa viungo unahifadhiwa na kikundi na kwamba mtaalamu ataonyeshwa akifika karakana. Ofisi ikisisitiza, wekeni maelezo hayo katika kiambatisho cha peke yake, kila ukurasa ukiwa na maneno "Siri ya biashara, kwa ajili ya tathmini ya mkopo tu", kisha mkikabidhi ombeni aliyepokea asaini katika nakala yenu. Muhuri wa ofisi hauwezi kuifanya siri yenu kuwa siri. Unathibitisha tu nani aliipokea na lini.

Ndugu wakili, mimi ni mkandarasi mdogo Nachingwea. Niliomba zabuni ya ukarabati wa majengo kupitia NeST, ule mfumo wa Serikali wa zabuni za mtandaoni, nikashindwa kwa tofauti ndogo sana. Baada ya ufunguzi bei yangu ilionekana na wazabuni wote. Je, bei yangu si siri ya biashara? Na je, naweza kuomba nione nyaraka za aliyeshinda? Mkandarasi, Nachingwea.

Bwana Mkandarasi, swali la kwanza linajibiwa na saa. Bei yako ni siri, tena siri nzito, hadi zabuni zinapofunguliwa; kuanzia hapo si siri tena, kwa kuwa ununuzi wa umma umejengwa juu ya msingi kwamba washindani wote waone kila mmoja ameandika nini, ili asitokee mtu wa kubadilisha tarakimu usiku. Watu wa korosho wanaielewa hali hii bila kufundishwa: wakati wa minada ya masanduku, mnunuzi aliyejua bei ya mwenzake kabla ya sanduku kufunguliwa alikuwa ameshaiua minada, lakini baada ya kufunguliwa bei zilisomwa kwa sauti mbele ya wakulima, na mkulima aliyekaa nyuma akasikia, na asiposikia akauliza.

Baada ya ufunguzi pazia linashuka mara ya pili. Katika kipindi cha tathmini, mjadala wa kamati na ulinganishaji wa zabuni haupaswi kutolewa kwa mzabuni yeyote wala mtu asiyehusika rasmi, hadi wazabuni wapewe notisi ya kusudio la kumpa mshindi mkataba. Ndipo unapofahamishwa nani ameshinda, kwa bei gani, na kwa nini wewe hukuchaguliwa. Kama una ushahidi kwamba tofauti ile ndogo ilitokana na mtu kuchungulia bei yako kabla ya saa ya ufunguzi, hilo halihusu tena siri ya biashara peke yake. Unaweza kulalamika kwa afisa masuuli, yaani msimamizi mkuu wa fedha, wa taasisi iliyonunua, kisha kwa Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma, na mtumishi aliyetumia nafasi yake kumnufaisha mwingine anaingia katika kifungu cha 31 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Lakini muda wa malalamiko ya zabuni ni mfupi mno, na ukishaupitisha hata hoja nzuri huzikwa. Usinisubiri mimi nijibu kwenye ukurasa huu.

Kuhusu nyaraka za mshindi, utapata bei na sababu. Hutapata mbinu zake za utekelezaji, wasifu wa mafundi wake, wala barua ya benki yake. Ukifikiri ni dhuluma, jiulize kama ungependa yeye azione zako.

Mimi ni kijana wa Kilwa. Gesi ya Songo Songo inatoka kwenye bahari yetu, lakini tukiuliza mikataba tunaambiwa ni siri ya biashara. Siri hiyo ni ya nani, ikiwa gesi ni ya wananchi? Kijana, Kilwa Masoko.

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo mikoa yetu miwili imelilipia gharama. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ya kwanza ilianza kuzalishwa mwaka 2004 na ya pili mwaka 2006, na kwa miaka yote hiyo mwananchi wa kawaida hakuwahi kuona ukurasa mmoja wa mkataba. Ghasia za Mtwara za mwaka 2013 zilikuwa na sababu nyingi, na sidhani kwamba kuchapishwa kwa mikataba kungezizuia zote, lakini ninakumbuka jinsi uvumi ulivyojaza kila nafasi iliyoachwa wazi na karatasi zisizoonekana. Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa kitalu namba 2, cha Statoil, kampuni ya Norway ambayo leo inaitwa Equinor, ilivuja, na taifa zima likajadili mgawanyo wa mapato kwa kutumia karatasi ya wizi kwa kuwa ya halali haikuwepo.

Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji, yaani uchimbaji wa madini, mafuta na gesi. Sheria hiyo ya 2015 inamtaka Waziri ahakikishe kwamba mikataba na leseni za kampuni za uziduaji zinachapishwa katika tovuti au vyombo vya habari vinavyofikiwa na watu wengi, pamoja na majina ya wenye hisa. Kwa hiyo anayekujibu leo kwamba mkataba ni siri kwa sababu tu ni mkataba, anajibu kwa sheria ya zamani. Anaweza kukujibu hivyo, na pengine akawa sahihi, kuhusu mambo ya ndani zaidi: ramani za mitetemo ya ardhi chini ya bahari, vipimo vya visima, au teknolojia ambayo kampuni imekuja nayo. Hizo ni taarifa zenye thamani kwa sababu hazijulikani, na anayezipata bure amepata kilichomgharimu mwenzake fedha nyingi kukitafuta.

Lipo fundo moja ambalo nimelikuta mwenyewe nikisaidia kijiji kimoja. Ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri hukokotolewa kwa asilimia ndogo ya mauzo ya kampuni. Ili ujue kama kampuni imelipa sawasawa lazima ujue mauzo yake, na mauzo yaliyo katika ritani zake, yaani taarifa zake za kodi, yanalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi, Sura ya 438, inayomfunga mtumishi wa TRA asiyatoe ila kwa wanaotajwa katika sheria, kama vile mahakama. Mwanakijiji hayumo. Njia iliyobaki ni kuja kwa upande wa mpokeaji: fedha ikishaingia halmashauri ni fedha ya umma, hukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake hufika bungeni na kuchapishwa, na ripoti za TEITI, chombo cha uwazi katika tasnia hiyo ya uziduaji, hulinganisha kile kampuni ilichosema imelipa na kile Serikali ilichosema imepokea. Andika maombi yako kwa halmashauri chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ukitaja mwaka na aina ya malipo badala ya kuomba "mikataba yote ya gesi", kwa sababu ombi pana ndilo linalokataliwa kwa urahisi. Wanapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Wakikataa, omba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo, kisha ukate rufaa kwa Waziri. Na ukiambiwa ni siri ya biashara, uliza biashara ya nani, na uombe jibu kwa maandishi.

Wakili, mtu yeyote akilipa ada BRELA, kwa wasajili wa kampuni, anaona majina yetu na hisa zetu. Mbona TRA hawafanyi hivyo? Fundi cherehani mwenye kampuni, Masasi.

Kwa sababu rejista ya kampuni iliwekwa ili isomwe. Anayetaka kukukopesha vitambaa ana haki ya kujua kampuni ni ya nani kabla ya kukata jora. Hiyo ndiyo bei unayoilipa kwa kuruhusiwa kufilisika bila nyumba yako kuguswa. Ritani ya kodi iliwekwa kwa kusudi jingine, na watu wakijua itasomwa na jirani hawataijaza kwa ukweli. Kwa sababu hiyohiyo, dodoso unalojaziwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hulindwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015: takwimu za jumla hutangazwa, lakini jibu lako kama lako halitolewi bila idhini yako.

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya Serikali mkoani Lindi. Mfanyabiashara mmoja amekuja na barua akiomba nakala ya jalada la maombi ya mwenzake, akidai Sheria ya 2016 inampa haki. Bosi wangu yuko safari, na nimebaki na muhuri. Nifanye nini? Karani, Lindi.

Ndugu Karani, usitoe, na usikatae. Uamuzi si wako. Ni wa afisa taarifa aliyeteuliwa na wa mkuu wa taasisi. Kazi yako ni kuipokea barua, kuigonga muhuri wa tarehe kwa sababu siku 30 zinaanza kuhesabika, na kuiingiza katika jalada. Mwambie kwa adabu kwamba atajibiwa kwa maandishi.

Bosi akirudi, mpe barua pamoja na jalada lenyewe, ukiwa umeweka vipande vya karatasi katika folio zenye mambo matatu: zile ambazo mwenye jalada aliziandika kuwa ni siri, zile zenye bei au fomula au majina ya wateja hata kama hakuandika neno, na zile ambazo ni barua za kawaida za Serikali. Mpendekezee amwandikie mwenye jalada kumuuliza ana pingamizi gani kabla ya jambo lolote kutoka. Mwenye jalada hana kura ya mwisho, maana wapo wanaogonga neno SIRI hadi kwenye risiti ya chai, na maslahi ya umma yana uzito wake. Lakini ndiye pekee anayejua ni mstari gani katika kurasa 20 ukitoka utamfungia duka. Huenda ikatosha kufunika mistari miwili na kutoa zilizobaki.

Mfanyabiashara akirudi kesho akiwa na soda mkononi, ile soda irudi naye. Na lile jalada, tafadhali, lisilale juu ya meza karibu na mashine ya kutolea nakala.